Kabla ya kumlaumu Gary Coleman, tuulize nani alishika daftari lake

Kwa Mhariri,

Katika ukurasa wa burudani wa gazeti lako yalichapishwa majuzi makala kuhusu nyota waliong'aa wakiwa watoto kisha wakazimika, na miongoni mwao akatajwa Mmarekani Gary Coleman, ambaye mwandishi alimmaliza kwa sentensi tatu: kwamba alilipwa mamilioni akiwa mdogo, kwamba aliyatapanya, na kwamba aliishia kuwa bawabu. Mimi ni mhasibu mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kukagua hesabu za fedha ambazo mtu mmoja amemshikia mwenzake. Naomba basi nafasi nieleze kwa nini sentensi ya pili kati ya hizo tatu haimtendei haki marehemu, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wakazi wa Nairobi, ambao siku hizi tunawapeleka watoto wetu kwenye usaili wa matangazo ya biashara na vipindi vya runinga bila kuuliza pesa zao zitalala wapi.

Coleman alizaliwa tarehe 8 Februari 1968 katika jimbo la Illinois, akachukuliwa angali mchanga na mume na mke wa mji wa Zion, mume akiwa mwendeshaji wa mashine ya kuinulia mizigo na mke akiwa muuguzi. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa watu wa sinema. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa figo tangu kuzaliwa, na kabla hajaanza masomo alikuwa amekwisha kuzizoea wodi za hospitali. Alipandikizwa figo ya kwanza mwaka 1973, akiwa na miaka mitano, na ya pili mwaka 1984, na zote mbili hatimaye zilishindwa kufanya kazi, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine. Ugonjwa pamoja na dawa alizopewa kuutuliza vilizuia ukuaji wake, akabaki na kimo cha sentimita 142 maisha yake yote. Nayataja haya mapema kwa sababu pasipo hayo hesabu zinazofuata hazieleweki.

Alianza na matangazo ya biashara, na mojawapo lililomtambulisha lilikuwa la benki ya Harris ya mjini Chicago. (Mhasibu hawezi kulipita hilo bila kutikisa kichwa: mtoto ambaye akiba yake mwenyewe ilikuja kupungua mikononi mwa wengine aliingia kazini kwa kuipigia benki debe.) Watu wa kampuni ya mtayarishaji Norman Lear walimwona, wakampa nafasi ndogo katika vipindi vya Good Times na The Jeffersons, na tarehe 3 Novemba 1978 akatokea katika kituo cha NBC akiwa mmoja wa wahusika wakuu wa kichekesho cha Diff'rent Strokes. Hadithi yake ilikuwa rahisi: tajiri Mzungu wa New York, mjane mwenye binti mmoja, anawachukua ndugu wawili weusi kutoka Harlem baada ya mama yao, aliyekuwa mtumishi wa nyumba yake, kufariki. Coleman aliigiza Arnold, mdogo wa hao wawili. Todd Bridges akawa kaka yake Willis. Dana Plato akawa binti wa tajiri. Na Conrad Bain akawa baba. Swali la mshangao ambalo Arnold alikuwa akimuuliza kaka yake, huku amebetua midomo na kukunja uso, likawa msemo wa watu wa mataifa mengi, na nina hakika kwamba wasomaji wengi wa rika langu humu mjini wanaweza kuliigiza hadi leo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa mwandishi wako alipita mbio. Coleman alikuwa na miaka kumi kipindi kilipoanza, lakini Arnold alikuwa mtoto wa miaka minane, na kwa umbo lake mwigizaji huyo angeweza kudhaniwa mdogo zaidi ya hapo. Watayarishaji walikuwa wamepata kitu adimu: mtoto mwenye ulimi mwepesi, anayejua kusubiri kicheko cha watazamaji kiishe ndipo atoe neno linalofuata, ustadi ambao waigizaji wazee huutafuta maisha yao yote, na juu ya hayo ana mwili usioharakisha kukua. Vipindi vingi vya watoto hufa mvulana anapoota ndevu na sauti yake inapokwama kooni, ila hiki kiliendelea kwa misimu minane, hadi mwaka 1986, msimu wa mwisho kikiwa kimehamia kituo cha ABC. Kijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, alikuwa bado anabebwa, anapapaswa kichwani na kuchekwa kama mtoto mchanga. Ugonjwa wake ulikuwa umegeuka mtaji, na waliofaidi mtaji huo kwa sehemu kubwa hawakuwa yeye.

Mwaka 1984, katikati ya kazi hiyo, ndipo alipopandikizwa figo ya pili. Todd Bridges ameandika baadaye kwamba mwenzake alikuwa akifanyishwa kazi kwa saa nyingi licha ya umri na afya yake, na kwamba jambo hilo lilichangia kumfanya ajitenge na wenzake na kukosa furaha. Sikuwapo na sitaongeza neno. Nasema tu kwamba katika kipindi hichohicho mtoto huyo alikuwa amepewa jukumu la kuwafundisha watoto wenzake maadili mbele ya kamera, hadi mke wa Rais wa Marekani, Nancy Reagan, akajitokeza katika sehemu moja ya mwaka 1983 kuhubiri dhidi ya dawa za kulevya akiwa pamoja naye. Taifa zima lilikuwa limemkodolea macho, lakini waliouona mwili na kusikia vichekesho hawakuwa wameona kitabu cha hesabu.

Sasa tuje kwenye pesa. Wakati umaarufu wake ulipokuwa kileleni, Coleman alikuwa akipata hadi dola 100,000 kwa kila sehemu moja ya kipindi. Yeye hakuwa na uwezo wa kutia saini kandarasi, kufungua akaunti wala kumfuta kazi mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa mtoto, na kwa hiyo mapato yalipitia mikononi mwa wazazi, washauri wa fedha, mawakala, mawakili na serikali inayotoza ushuru, na kila mmoja wao alikuwa na sababu nzuri ya kukata fungu lake. Inakadiriwa kwamba baada ya wote hao kuchukua chao alibakiwa na kama robo tu ya alichochuma. Alipokuwa mtu mzima aliwaondoa wazazi wake katika usimamizi wa shughuli zake, na mwaka 1989 akawashtaki wao pamoja na aliyekuwa mshauri wake wa fedha, akidai kwamba walikuwa wametumia vibaya amana yake ya dola milioni 3.8. Kesi ilichukua miaka. Mnamo Februari 1993 mahakama ilimpa ushindi na kuagiza alipwe dola milioni 1.28.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ningependa mwandishi wako aitafakari kesi hiyo kwa jicho hilo. Mtu mwenye kutapanya ni yule aliyeshika pesa kwa mkono wake akazimwaga. Huyu alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja alipokwenda mahakamani kuuliza zilikwenda wapi, na jaji akakubali kwamba swali lake lilikuwa na msingi. Hata kiasi alichopewa hakikufikia nusu ya alichodai, na yeyote aliyewahi kuendesha kesi ya madai anajua kwamba ushindi wa namna hiyo una mawakili wake wa kulipwa. Juu ya gharama hizo kulikuwa na matibabu ya figo yasiyo na likizo.

Jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba Marekani ilikuwa imekwisha kulijua tatizo hilo karibu miaka arobaini kabla Arnold hajaonekana kwenye runinga. Jackie Coogan, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa mtoto mashuhuri kuliko wote wa enzi za filamu zisizo na sauti baada ya kuigiza pamoja na Charlie Chaplin mwaka 1921, na inakadiriwa kuwa alichuma kati ya dola milioni tatu na nne. Alipofikia utu uzima aligundua kwamba hakuwa na haki ya kudai chochote, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya mzazi. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake na baba yake wa kambo, akaambulia dola 126,000 tu. Kelele za wananchi zilizaa sheria ya California ya mwaka 1939, ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Coogan mwenyewe aliishi kuonekana tena kwenye runinga katika miaka ya 1960, mara hii akiwa mzee mnene mwenye upara katika kichekesho cha The Addams Family, na watoto waliomcheka wengi wao hawakujua kwamba walikuwa wanamtazama mtu ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vya sheria.

Sheria hiyo ilikuwa na mwanya. Iligusa kandarasi zilizopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na studio hazikulazimika kuzipeleka zote huko, hivyo watoto wengi walibaki nje ya ulinzi wake. Mwanya huo uliachwa wazi kwa miongo sita, na humo ndimo kizazi cha Coleman kilimochumia pesa. Ulizibwa mwanzoni mwa mwaka 2000, pale California ilipoanza kutekeleza marekebisho yanayosema kwamba mapato ya mtoto ni mali ya mtoto, na kwamba asilimia 15 ya malipo yake yote kabla ya makato ipelekwe na mwajiri moja kwa moja kwenye amana ambayo hapana wa kuigusa mpaka mtoto atimize miaka 18. Miongoni mwa waliosukuma marekebisho hayo alikuwa Paul Petersen, ambaye naye alikuwa mtoto wa runinga kati ya mwaka 1958 na 1966, na ambaye mwaka 1990 alianzisha chama cha kuwatetea waigizaji watoto wa zamani na wa sasa. Mwandishi wako angeweza kumweka huyo katika orodha yake, ingawa nakiri kwamba mtu aliyefanya kazi ya kushinda kwenye ofisi za wabunge akidai kifungu cha sheria kirekebishwe hapambi ukurasa wa burudani.

Coleman hakuungoja msaada huo. Kipindi kilipokwisha alikuwa na miaka kumi na minane, na hapo ile faida ya umbo lake ikageuka hasara, kwa sababu Hollywood haikujua imwandikie nini mtu mzima mwenye sura ya mtoto ambaye kila mtazamaji anamwita Arnold. Alipata nafasi za hapa na pale, nyingi za kujiigiza yeye mwenyewe, yaani kujifanyia mzaha. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi ya ulinzi. Mwandishi wako alilitaja hilo kana kwamba ni mwisho wa aibu, na hapo naomba kutofautiana naye waziwazi, maana nusu ya mtaa ninaokaa hulala usingizi kwa sababu ya watu wanaofanya kazi hiyo. Mtu aliyewahi kuwa na jina kubwa, mwenye figo mbovu, akaamka asubuhi kuvaa sare na kwenda kutafuta riziki halali, simwoni kuwa wa kuchekwa.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Alikuwa na hasira za haraka, na mwaka 1998, akiwa katika jumba moja la kibiashara la California akinunua fulana ya kuzuia risasi kwa ajili ya kazi yake hiyo, alimpiga shabiki aliyemwomba saini yake, akashtakiwa, akapewa kifungo kilichoahirishwa na kuamriwa amlipie huyo mama gharama za hospitali. Mwaka uliofuata alitangazwa kufilisika. Alipoulizwa ni nani wa kulaumiwa hakujitoa: alisema kwamba lawama zinaweza kugawanywa kuanzia kwake mwenyewe, zipite kwa wahasibu, wazazi, mawakala na mawakili, kisha zirudi kwake tena. Nimewasikia wakurugenzi wa makampuni wakitoa maelezo yenye unyofu mdogo kuliko huo mbele ya wanahisa.

Mwaka huohuo wa 1999, mwezi Mei, Dana Plato alifariki kwa kuzidisha dawa akiwa na miaka 34. Todd Bridges naye alikuwa amepitia uraibu na mahakama kabla ya kuokoka na kuishi maisha ya kawaida. Watu hupenda kuwapanga watatu hao katika mstari mmoja na kuita hiyo laana ya kipindi. Mimi siamini laana za namna hiyo, na nadhani hadithi hiyo inapendwa kwa kuwa haimlazimishi mtu yeyote kufungua faili. Matatizo ya watatu hao hayakuwa ya aina moja. La Coleman lilikuwa na nambari za akaunti, tarehe na saini.

Kisa cha mwaka 2003 hakina budi kutajwa japo kwa ufupi. Wananchi wa California walipopiga kura ya kumwondoa gavana wao, gazeti moja la eneo la Oakland lilimlipia Coleman ada ya kugombea kama kejeli kwa uchaguzi wenyewe. Wagombeaji walikuwa 135. Mwigizaji mwenzake Arnold Schwarzenegger alishinda, na Coleman akamaliza wa nane kwa kura 14,242. Kwa hiyo watu elfu kumi na nne na ushei walitumia karatasi yao ya kura ama kumkumbuka ama kumtania, na pengine wengi wao hawakujua ni lipi kati ya hayo mawili walilokuwa wakilifanya. Katika mwaka huohuo ulipanda jukwaani mchezo wa muziki wa New York wenye mhusika aliyepewa jina lake na kazi ya kutunza jengo la kupangisha. Yeye hakufurahishwa, na alizungumzia kwenda mahakamani.

Alihamia jimbo la Utah, akaoa mwaka 2007, ndoa ikavunjika mwaka uliofuata. Tarehe 28 Mei 2010 alifariki katika hospitali ya mji wa Provo, akiwa na miaka 42, kutokana na damu kuvuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka nyumbani kwake. Hata mirathi yake, ambayo haikuwa kubwa, ilizusha mvutano kati ya aliyekuwa mke wake na rafiki wake wa zamani uliofika mahakamani na kuamuliwa mwaka 2012. Alizaliwa na mali isiyokuwapo, akachuma nyingi ambayo hakuishika, na akaacha kidogo ambacho watu wawili walikipigania.

Mhariri, haya ya ng'ambo yana uhusiano gani nasi? Nairobi ina studio, ina kampuni za matangazo, ina vipindi vya watoto na vya familia, na siku hizi ina familia nzimanzima zinazojirekodi kwa simu na kuweka video kwenye mitandao ambako mtoto ndiye kivutio. Siku ya usaili Jumamosi utawakuta akina mama kwenye ngazi za majengo ya Westlands na Kilimani, wamewavisha watoto nguo za kanisani, wanawapaka mafuta usoni na kuwakumbusha watabasamu. Mtoto akichaguliwa, mzazi hutia saini karatasi ambayo aghalabu haachiwi nakala yake, na malipo huingia kwenye simu ya mzazi, kwa sababu mtoto hana kitambulisho na hawezi kusajili laini kwa jina lake. Kutoka hapo pesa hizo huchanganyika na kodi ya nyumba, karo na unga, na baada ya mwezi hapana awezaye kusema zipi zilikuwa za nani. Sisemi kwamba wazazi hao ni wezi. Nasema kwamba hata malaika akipewa pesa za mwenzake bila daftari atashindwa kutoa hesabu.

Sheria zetu zina maneno mazuri. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kazi ya kinyonyaji, na kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 56, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, kwa malipo au bila malipo, na inawaruhusu walio kati ya miaka 13 na 16 kufanya kazi nyepesi isiyowadhuru wala kuwakatizia masomo. Ukisoma kifungu hicho kisha uwashe runinga jioni, ukaona mtoto wa miaka mitano akisifu sabuni, utajiuliza kama mtoto huyo kisheria anafanya kazi au anacheza. Ikiwa anafanya kazi, pana maswali. Ikiwa anacheza, mbona kuna ankara?

Sipendekezi watoto wafukuzwe kwenye runinga. Watoto wetu wanahitaji kuwaona watoto wenzao wakizungumza Kiswahili chao na kuishi katika mitaa inayofanana na yao, na mtoto mwenye kipaji anastahili kukitumia. Mkataba wa 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979, umeacha mlango kwa ajili hiyo: ibara yake ya 8 inaruhusu serikali kutoa vibali vya mtoto mmojammoja kushiriki maonyesho ya sanaa, mradi vibali hivyo viweke kikomo cha saa za kazi na masharti yake. Huo ndio mlango ningependa Wizara ya Leba iupitie, kwa kibali chenye mambo ya msingi: umri, saa, ruhusa ya shule, cheti cha daktari kwa mtoto mwenye maradhi ya kudumu, na namba ya akaunti iliyofungwa kwa jina la mtoto. Pasipo namba hiyo, kamera zisiwashwe.

Juu ya akaunti hiyo nina maoni ya kitaaluma. Benki zetu nyingi zina akaunti za watoto zenye picha za wanyama kwenye kadi, lakini akaunti hizo hufunguliwa na mzazi, na mzazi huyohuyo ana ruhusa ya kutoa pesa wakati wowote. Zinafaa kwa kumfundisha mtoto kuweka akiba. Kwa kulinda mshahara wake hazitoshi. Inahitajika akaunti ambayo mwajiri anaweza kutia pesa ndani lakini mzazi hawezi kutoa bila idhini ya mahakama ya watoto, na taarifa yake itumwe kila mwaka kwa mtu wa tatu asiye na fungu katika malipo. Asilimia 15 ya California naiona ndogo. Wao walikuwa wakizungumzia mamilioni. Kwetu, ambako malipo ya tangazo moja ni madogo, asilimia 15 yake haitamfikisha mtoto popote. Ningependekeza nusu, baada ya kuondoa nauli na chakula cha siku ya kazi.

Nimekwisha kuyasikia majibu ya wazazi, na lililo na uzito ni hili: ni mama aliyeamka saa kumi alfajiri, akapanda matatu mbili na mtoto mgongoni, akakaa siku nzima kwenye kiti cha plastiki huku kibanda chake cha mboga kimefungwa. Je, jasho lake halina bei? Lina bei, na bei hiyo iandikwe. Mama alipwe kama msindikizaji kwa kiwango kinachojulikana, kwenye mstari wake katika ankara, mbali na mstari wa mtoto. Katika kesi za mwaka 1938 na 1989 watu wazima waliohusika hawakuwa wamekaa bure. Walikuwa wamefanya kazi, na kila mmoja alikuwa amejipangia mwenyewe thamani ya kazi yake. Mtu anayejilipa kutoka mfuko wa mwingine hata akiwa mwaminifu hukosea kwa upande wake.

Kuhusu video za nyumbani, ambako mwajiri na mzazi ni mtu mmoja, jambo ni gumu zaidi, ila halijashindikana. Jimbo la Illinois, alikozaliwa Coleman, lilikuwa la kwanza Marekani kutunga sheria, iliyoanza kufanya kazi Julai 2024, inayomtaka mzazi anayepata pesa kwa video zenye mtoto wake amtengee mtoto fungu kwenye amana. California imefuata. Wabunge wetu wanaopenda kusafiri kwenda kujifunza wana mahali pa kwenda.

Naomba pia, Mhariri, waandishi wako wa burudani wanapomhoji mtayarishaji kuhusu kipindi kipya chenye watoto, wamwongezee swali moja baada ya yale ya kawaida kuhusu hadithi na waigizaji: malipo ya watoto hawa yanaingia katika akaunti ya nani, na nani hupewa taarifa yake? Jibu lichapishwe pamoja na picha.

Mhasibu mstaafu,
Buruburu, Nairobi.